Mabawa ya Vifungo vya Mgongoni

Jamani, aibu nyingine mtu unaondoka nayo mpaka kaburini, lakini hii yangu haina pa kufichwa, kwa sababu nusu ya kijiji chetu cha Mungaa waliiona kwa macho yao na nusu iliyobaki huisimulia vizuri kuliko hata mimi niliyekuwa ndani yake, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba ndiyo imeanza kumwagika minadani, na sisi mafundi cherehani tumebaki kupunguza viuno vya suruali za Ulaya. Siku moja nikakuta kwenye robota la mitumba kitambaa cha nailoni cha rangi ya chungwa, kikubwa kama turubai, chepesi kama ganda la kitunguu, na muuzaji mwenyewe hajui ni cha nini. Nikakichukua. Mwenzangu wa kibarazani, Hamisi fundi baiskeli, akaniuliza nitakishonea nini, nami (mdomo huu) nikasema mabawa.

Tulikuwa na ubishi wa muda mrefu, kama binadamu anaweza kuruka kama ndege. Hamisi alishikilia kwamba Mungu angetaka turuke angetuotesha manyoya. Mimi nikamwambia mtazame jogoo, ana mwili mzito na akili kidogo lakini jioni yuko juu ya paa, kwa hiyo tatizo letu ni mavazi tu. Nikamkamata jogoo wangu nikampima kwa futi, bawa, kifua na mgongo, nikaandika kwenye daftari kama mteja mwingine yeyote (alininyea mkononi, lakini wapo wateja wabaya zaidi), kisha nikajipima mwenyewe nikazidisha. Nikashona wiki mbili, fito ndani, mikono imezibwa mpaka kwenye vidole, na vifungo tisa nikaviweka mgongoni, kusudi kifua kikae laini kama cha ndege. Hapo kwenye vifungo ndipo nilipojimaliza.

Sasa mjue kwamba wakati huo nilikuwa nimepeleka posa kwa Neema binti wa Mzee Ntandu, na mzee alikuwa anasitasita. Alimwambia baba yangu mdogo kwamba fundi cherehani ni mtu wa kivulini, anakanyaga mashine siku nzima na hafiki popote. Nilimpenda Neema mpaka usingizi ukanihama, na jibu lilikuwa litolewe siku ileile mabawa yalipokamilika, saa sita mchana. Nilipaswa kukaa nyumbani nimeoga, nimetulia. Lakini asubuhi upepo ulivuma vizuri sana, nikasema nijaribu kidogo tu, juu ya jiwe dogo, roho itulie.

Hamisi akanifunga vifungo vyote tisa, tukaenda. Jiwe dogo akaliona dogo mno, akasema hata mbuzi anaruka pale, basi tukapanda jabali kubwa, lile ambalo upande wa chini lina sehemu tambarare wanapopuria uwele. Nikakimbia, nikajirusha, na ndugu zangu, niwaambie ukweli wa Mungu, niliruka. Upepo ulinishika kwapani ukaninyanyua, nikaona mapaa, nikaona ng'ombe wa watu wamenyanyua vichwa, na nikacheka kwa sauti peke yangu huko juu. Sijawahi kufurahi vile tena.

Kisha upepo ukageuka. Ukanipeleka moja kwa moja pale tambarare, ambapo wanawake walikuwa wanapepeta, na nikatua kifudifudi juu ya lundo la uwele safi wa mama yake Neema.

Kwetu mama mkwe hasogelewi, hata anayetarajiwa. Ukimwona njiani unapisha, unainamisha macho. Mimi nilikuwa miguuni pake, makapi mdomoni, bawa moja limefunika ungo wake. Alijifunika uso kwa kanga akakimbia, na wale wengine, wote wa ukoo wake, wakarudi nyuma wakijiumiza mbavu kwa kicheko, hakuna wa kunigusa. Nikamwita Hamisi anifungue. Hamisi alikwisha kupanda baiskeli, anaogopa kesi.

Basi nikaondoka na mabawa yangu. Mikono imezibwa, vifungo mgongoni, na wanaume wote ama wako shambani ama wako kwenye kikao cha posa yangu. Njia ya kwetu inapita nyuma ya boma la Mzee Ntandu, nikainama nipite kimyakimya, lakini kuku wakaniona. Jogoo mmoja akapiga ile sauti ya kuonya mwewe, kuku wote wakalia wakajitupa chini ya ghala, na wazee wote wakatoka kuangalia mwewe gani huyo mchana kweupe.

Nikawaamkia shikamoo huku bawa la kushoto likipigwa na upepo. Baba mdogo akatazama chini kama mtu aliyeangusha sindano. Mzee Ntandu alikuja nyuma yangu akaanza kufungua kifungo kimoja kimoja, polepole, na mimi nikajua Neema nimeshamkosa.

Alipofika cha tano akauliza, "Umeshona mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Umeanguka nayo na mshono haukuachia?"

Nikasema haukuachia. Akauliza niliangukia wapi, nikamwambia, maana angeambiwa tu. Vidole vikasimama. Nikasikia anatetemeka mgongoni kwangu, nikadhani hasira, kumbe mzee anacheka mpaka machozi.

Akawageukia wenzake. "Nilisema huyu anakanyaga siku nzima hafiki popote," akasema. "Leo amefika kwa mama mkwe wake."

Nilitozwa kondoo wa kumwomba radhi mama, na uwele wote nikaupepeta upya mwenyewe, mwanaume mzima na ungo, wanawake wakinisahihisha kwa mbali. Posa ikakubaliwa.

Kuruka sijaapa kutoruka, nisiwadanganye, kile kitambaa bado ninacho. Nilichoapa ni kutoshona tena kifungo cha mgongoni, hata kwa gauni la harusi. Neema aliolewa akiwa na gauni la vifungo vya mbele, watu wakadhani ni fasheni ya Dar, wakaja kuagiza. Na mpaka leo kuku wakilia mwewe hapo uani, mke wangu haangalii juu, anaangalia mlangoni, aone kama niko ndani.