Siku mdogo wangu aliposhangilia timu yetu ikifungwa

Wakuu, salamu kutoka Bugolobi, Kampala.

Kisa hiki ni cha kweli na kimenitokea sebuleni kwangu. Mimi sitoki, kwa hiyo hakikuwa na pengine pa kunitokea.

Nijitambulishe kidogo. Ni dada wa Kikenya, nimeishia form four, nashona nguo hapa hapa kwenye flat. Vitambaa naletewa, wateja wanapanda ngazi wenyewe, hata rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, inanifuata mlangoni. Mama Zaitun, jirani yangu, husema iko siku nitaota mizizi. Muacheni.

Mdogo wangu Felix alikuja kusoma chuo hapa. Alikuwa anakaa hostel, ila Jumamosi ilikuwa yangu. Anakuja, tunajitupa kwenye kochi, tunaangalia timu yetu.

Sitaitaja. Msimu huu nimeshachekwa vya kutosha.

Timu hiyo tulirithi kwa baba. Alikuwa anasikiliza mechi kwa redio iliyofungwa kwa raba, sisi tumekaa miguuni pake. Kwetu hakuna anayesema "wameshinda". Ni "tumeshinda". Tukifungwa, hata chai haishuki.

Sasa basi. Mwaka wa pili Felix akaanza kubadilika.

Simu anailaza kifudifudi. Anaingia nayo chooni. Akaanza kujua ligi za nchi ambazo hawezi kuzionyesha kwenye ramani. Nikadhani amepata mpenzi, nikamtania, "Wifi ataletwa lini?" Akacheka kwa mdomo tu, macho hayakuwemo.

Halafu Jumamosi moja tukafungwa goli la kijinga dakika za mwisho. Mimi nimeshika kichwa.

Felix akaruka, ngumi juu. "Yes! Over hiyo!"

Kwa wasiojua, alikuwa amebeti kwamba magoli yatakuwa mengi. Ya nani, haimhusu.

"Felo, tumefungwa."

"Najua, dada. Hawa jamaa defence yao mbovu, niliona tu inakuja."

"Hawa jamaa?"

Akainamia simu yake.

Wakuu, mnielewe. Kwetu mtu anaweza kubadili dini kabla hajaiita timu yetu "hawa jamaa".

Nikazima TV, nikambana. Yakatoka yote. Ada imekwenda, laptop imekwenda, na mitihani ilikuwa inakaribia bila jina lake kuwemo kwenye orodha. Kiasi sitaji, mama alishalizwa nacho mara moja, na anaweza kuwa humu kwa ID ya bandia.

Na si hela iliyonitisha. Alikuwa analia huku kidole kinaendelea kwenye simu. "Nipe wiki hii tu, nitairudisha yote." Nikaona haongei na mimi. Anaongea nayo.

Kelele zangu zikamleta Mama Zaitun. "Banange, nani amekufa?"

Nikamweleza. Akakaa.

"Hiyo ni ugonjwa, si ujinga. Huko campus yake iko counselor, mtoto ya dada yangu alienda. Mpeleke."

"Aende mwenyewe, ni mtu mzima."

"Sema tu unaogopa jua."

Felix akapangusa kamasi. "Mimi nitaenda siku huyu akitoka hii nyumba."

Tukacheka wote watatu. Ndipo Felix akaongeza, "Tubeti, hata hapo soko la Nakawa hafiki."

Kicheko kikakatika. Alilisikia neno lake mwenyewe likitoka. Mama Zaitun akatazama sakafu.

Nikasema, "Mimi sibeti. Viatu vyangu viko wapi?"

Vilikuwa chini ya mifuko ya vitambaa, na kimoja kilishapata mpangaji, buibui. Tukapanda boda mimi na Felix. "Ssebo, polepole" zangu zilizidi mpaka dereva akauliza kama nimebeba mayai. Soko la Nakawa nililipita nimefumba macho. Nililipita lakini!

Counselor, aliyekuwa zamu Jumamosi hiyo, alikuwa mama mtulivu. Hakumwita mwizi. Alimuuliza kitu kimoja tu, "Ukishinda, huwa unaacha?" Felix akafikiri, akafikiri tena, akainamisha kichwa.

Mimi nilikuwa nimepanga kukopa nimlipie kimyakimya. Akanikataza. Mzazi aambiwe. Ada ilipwe moja kwa moja chuoni, pesa isipite mkononi mwake. Akaunti za kubeti azifunge mwenyewe pale pale, mbele yetu. Kila wiki akae na wanafunzi wenzake wanaojinasua na kubeti kama yeye. Na mpira tuuzime kwa sasa.

"Hata timu yetu?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza."

Wakati wa kurudi, juu ya boda, nililia kumshinda mgonjwa.

Sitawadanganya kwamba alipona siku hiyo. Semester anairudia. Aliwahi kuteleza tena, ila safari hii aliniambia mwenyewe, amesimama mlangoni, kabla hajavua viatu.

Jumamosi bado anakuja. TV nimeifunika kitambaa cha mteja asiyerudi. Yeye anapiga pasi, mimi nashona. Mechi ikianza, flats zote zinaguna, zinapiga mayowe, sisi tunasikiliza cherehani.

Wakuu, nina hamu. Si ya mpira tu. Nina hamu ya goti lake kunigonga kila ikipigwa kona. Nina hamu ya kugombana naye kuhusu refa mpaka chai ipoe. Mtu yuko hapo mbele yangu, anakula chapati zangu, na bado nimemkumbuka.

Juzi block nzima ikalipuka. Goli. Pasi ya Felix ikasimama. Akageukia ukuta, akasikiliza.

"Dada, unadhani ni sisi?"

Sisi.

Nikamwambia, "Sijui. Unaunguza gauni la mtu."

Akainua pasi haraka, tukacheka, na hakuna aliyekwenda kuuliza.

Kwa hiyo nililojifunza ni hili. Ukiwa na mwanafunzi nyumbani, usihesabu tu mechi anazoangalia. Mtazame anashangilia nini. Akianza kufurahia kilichokuwa kinamliza, usimtukane, usimlipie kisiri. Vaa viatu uende naye.

Mliowahi kupita huko, karibuni hapa chini. Mliweza kuangalia mpira tena? Baada ya muda gani? Nauliza kwa niaba ya kochi.

Ila atakayeniandikia matokeo ya juzi, namblock.