Venant Alipofunga Banda

Emerance Nibigira alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, mtu wa maneno machache. Kwa miaka sita alivuna mboga katika mashamba yaliyo mbele ya Campbelltown, kule nyumba za Sydney, Australia, zinakokwisha. Mdogo wake, Keza, alifanya kazi hapohapo. Msimamizi wao alikuwa Venant, mwenzao wa kanisa moja, ambaye kila asubuhi aliwapitia kwa gari.

Mwezi wa kumi 2021, watu wakiwa ndiyo kwanza wanafunguliwa baada ya karantini ya korona, mbingu iligeuka kijani saa nane mchana. Ikashuka mvua ya mawe, mabonge ya barafu makubwa kama mayai. Wafanyakazi wakakimbilia banda la kufungashia mboga. Wanane walipoingia, Venant akasukuma komeo, Emerance na Keza wakabaki nje.

"Mwisho wanane! Sheria ya korona!"

"Venant, fungua! Tutakufa huku!" Emerance alipiga mlango kwa ngumi.

"Mama, nitafukuzwa kazi. Jifunikeni makreti!"

Walijifunika. Keza alichelewa kidogo tu, na bonge moja likampiga jicho la kushoto. Jicho hilo halikuona tena.

Bonde zima liliumia. Vitalu nyumba vya plastiki vilichanika vipande vipande, mapaa yakatoboka, na jirani mmoja mzee alikaa juu ya ndoo katikati ya nyanya zake akilia mbele za watu. Emerance alimpita bila kumpa hata pole. Hasira yake yote ilikuwa kwa Venant.

Hakumgombeza. Alingoja. Wiki iliyofuata Cheryl, mwenye shamba, alimwagiza Venant alete watu Jumatatu waokoe karoti zilizonusurika udongoni. Jumamosi kutwa Emerance alishinda kwenye simu, akiwapigia wenzake mmoja baada ya mwingine wasiende kazini. Aliyesita kwa kuwa anaihitaji kazi, alimpa Keza azungumze naye.

Jumatatu gari la Venant lilifika tupu. Emerance na Keza walikuwa wamesimama getini. Cheryl alipouliza kulikoni, Emerance alimweleza yote, kisha akamfungua Keza bandeji kwa mkono wake mwenyewe.

Venant alifukuzwa palepale.

"Mama Emerance, nina watoto wanne!"

"Ungewafikiria kabla ya kushika komeo."

Karoti nyingi ziliozea ardhini. Watu walikaa wiki tatu bila kazi, na wengine walimlaumu Emerance waziwazi. Hakujali. Venant alihamia Merrylands, mtaa mwingine wa Sydney, akapata kazi ya usafi Seven Hills jirani na hapo, lakini Jumapili aliporudi kanisani kwao akataka kuongoza kwaya, Emerance alisimama akatoka, na nusu ya akina mama nyuma yake.

"Dada, imetosha," Keza alimwambia.

"Imekutosha wewe."

Pasaka iliyofuata, mchungaji aliwaomba waumini wapeane mikono. Venant alikuja kichwa chini, mkono ameunyoosha. Keza aliupokea. Emerance alitia mikono yake mifukoni mwa koti, akamkazia macho mpaka Venant akageuka, akaenda zake.