Kamioneti ya Shemeji Iliyokuwa Chui

Shemeji yangu, kaka ya bibi yangu, alinunua kamioneti kwa mzungu mmoja wa Masisi aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa ya rangi ya manjano, na kutu ilikuwa imeitafuna kama fuko anavyotafuna viazi. Miaka ile ya hamsini muntu mweusi mwenye gari alitazamwa sana katika milima yetu, naye hakutaka kutazamwa na kutu.

"Tunashuka Walikale kutafuta mawese," akaniambia. "Siwezi kufika na gari yenye upele."

Mimi nilikuwa fundi wa milango na madirisha, lakini kwake fundi ni fundi tu. Nikakwangua kila doa kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, nikasugua kwa musasa, yale majani makali ya kulainishia mbao, kisha nikafuta vumbi kwa kitambaa chenye petroli. Kazi ilikuwa nzuri. Rangi ya manjano ndiyo haikupatikana. Iliyopatikana ni nyeusi, mabaki ya ile waliyopaka mbao za kuandikia za shule. Nikapaka doa moja moja, nikizungusha brosi vizuri kwenye kingo.

Shemeji akarudi nyuma, akatazama. "Iko propre, safi kabisa," akasema. Sisi wawili hatukuona kitu kingine.

Watu wa Mpofi, kijiji cha msituni njiani kwenda Walikale, ndio waliona. Tulipoingia, wanawake waliacha kutwanga sombe, majani ya muhogo, na wazee wakasimama katikati ya barabara. Huko msituni chui akipatikana ni wa mwami, mtawala wa kimila: ngozi, meno, vyote. Muntu wa kawaida hatembei na chui.

"Mulimutoa wapi?" mzee mmoja akauliza.

"Masisi," shemeji akajibu. "Ni gari, Papa."

"Gari tunaiona. Tunauliza chui."

"Hakuna chui. Ni kutu."

Mzee akaizunguka kamioneti polepole, akarudi palepale. "Kutu iko nyekundu," akasema.

Shemeji akanigeuzia macho makali. Wakamwita mwami. Alikuwa anatoka misa, koti jeupe, suruali nyeupe. Alisikiliza pande zote bila kucheka, akawaza.

"Gari ni ya muntu huyu," akaamua. "Chui ni wangu. Kuvitenganisha haiwezekani. Lakini chui, mwami anamukalia. Nikishamukalia, desturi imetimia, na hawa waende."

Tukamsaidia kupanda juu ya kapo, kile kifuniko cha injini. Wazee wakapiga makofi, wakaanza wimbo, na wimbo ulikuwa mrefu. Mimi nilikuwa na neno la kusema, sikuthubutu: kwa unyevu wa msitu, rangi ile ilikuwa bado haijakauka.

Aliposhuka, suruali ilikuwa na madoa mawili makubwa, moja kila upande. Shemeji akavua kofia. Mwami akageuza shingo, hakufikia kuona.

"Kuko nini huko nyuma?"

Yule mzee akainama, akachunguza kwa makini. "Mwami, chui amekukubali. Amekupa madoa yake."

Uso wa mwami ukafunguka. Akarudi nyumbani taratibu, akipita katikati ya kijiji mgongo ukiwa upande wa watu, na wanawake wakapiga vigelegele. Sisi tukapewa mkungu wa ndizi na ruhusa ya kupita.

Shemeji aliendesha njia yote ya msituni akitazama kapo tu. Juu ya kapo, pale mwami alipokaa, chuma kilikuwa kitupu tena, na kabla hatujafika mtoni mvua ikaanza kukinyeshea.