Harufu Niliyoipeleka kwa Mama Hawa

Jamani, hili nilitaka nife nalo, maana mimi ni mwalimu wa kemia, hapa Garsen kila mzazi ananijua, na siku hiyo kemia yenyewe ndiyo iliyonivua nguo mbele za watu.

Mchana huo nilikuwa nafundisha kidato cha nne zile asidi za kaboksili, jinsi zinavyopewa majina (methanoiki ya mchomo wa sisimizi, ethanoiki ya siki, propanoiki, butanoiki, unahesabu kaboni tu jina linakuja), darasa zima linasinzia kwa joto, nikaona nifungue kichupa cha butanoiki wainuse, wajue ndiyo inayonuka kwenye samli iliyochacha. Kikaniponyoka, kikanimwagikia mkono wa gauni. Dawa yake naijua, ndiyo kwanza nilikuwa nimeiandika ubaoni, kwamba asidi hizi ukizitia magadi zinatoa povu, zinageuka chumvi na harufu inakufa. Lakini boda alikuwa ananingoja langoni, nikasuuza kwa maji tu, nikaondoka.

Haraka yenyewe ilikuwa ya Hawa, mwanafunzi wangu bora. Baba yake, Mzee Guyo, mfugaji wa Kiorma upande wa Minjila, alikuwa ameamua binti aache shule aolewe, na ndugu zake walikuwa wanakutana jioni ile kukata shauri. Mama Hawa hakutaka. Alinitumia ujumbe kwa siri nije, tukakubaliana yeye aanze kusema, mimi nimuunge mkono. Basi nikampakia Hawa nyuma yangu, tukaenda, upepo unachukua kila kitu.

Ndani hakukuwa na upepo. Mama Hawa akaniletea maziwa, mimi mgeni kwanza, kwenye chombo anachokifukiza moshi mwenyewe, na kwa wenyewe pale heshima ya mwanamke iko kwenye maziwa yake. Nikanyoosha mkono kupokea, ikapanda harufu mbaya. Shemeji yake mmoja akajiziba pua kwa shuka. Mimi pia niliisikia, na wallahi sikujifikiria (njiani upepo uliichukua, nilishaisahau), nikadhani ni maziwa.

Ningekunywa tu, nikanyamaza. Lakini ualimu ni ugonjwa, nikajitia kumfariji. "Usione haya, Mama Hawa," nikasema mbele ya wote. "Maziwa yakichacha ni asidi tu, si uchafu."

Mama Hawa akanusa chombo, akanusa tena, nikaona hata yeye hajiamini, kisha akatoka nje na tukasikia maziwa yanamwagika chini. Hapo Hawa, ambaye hainui macho mbele ya wazee, akasema, "Madam, ni mkono wako. Ni ile butanoiki."

Baba yake akamkemea, akamuuliza kama hayo ndiyo anayofunzwa, kumfedhehesha mgeni ili kumsitiri mama yake. Nikanusa gauni langu. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema ni kweli, ni mimi, nikaanza kueleza kichupa na samli na kaboni nne, na kila nilipoeleza nilizidi kuzama, mpaka shemeji mkubwa akauliza kwa upole kama hii ndiyo elimu tunayotaka binti aibakie.

Nikamgeukia Mama Hawa, nikingoja aanze kama tulivyopatana. Alikuwa amekaa mlangoni na chombo kitupu mapajani.

"Mbele ya shemeji zangu, Mwalimu," akasema polepole. "Na mimi ndiye niliyekuita."

Hakusema neno jingine jioni ile, na bila yeye mimi ni nani pale.

Hawa akaolewa. Tangu hapo nimeapa, nikitiliwa kitu nyumbani kwa mtu nakunywa, kiwe kinanuka kisiwe kinanuka, na somo la kemia naliacha darasani. Nilijuta, bado najuta, na kuapa hakujamsaidia mtu.

Juzi nilikutana na Hawa sokoni amebeba mtoto mgongoni. Akanisalimu kwa heshima ile ile, akaniuliza wenzake walisoma nini baada ya zile asidi. Nikamwambia esta, unachanganya asidi na alkoholi, inatoka harufu nzuri ya matunda.

"Hizo sikuzifikia," akasema, akamweka mtoto sawa mgongoni, akaniaga.