Shemeji Alipopunguza Mwendo Kwenye Kona

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mpiga picha wa Ifakara, kama mtu mwenye chumba kimoja nyuma ya soko na kamera moja ya miguu mitatu anastahili kuitwa hivyo. Shule niliishia darasa la nne misheni, na ufundi niliupata kwa kuharibu. Nasema mapema ili msomaji asinitegemee kupita kiasi.

Kiangazi kimoja, majani ya mbuga yalipokwisha kuchomwa na ardhi kukauka, wazungu wachache wa pamba na Wahindi wenye maduka waliamua kushindanisha magari yao upande wa Kivukoni. Hawakuwa watu wa mbio. Walikuwa na magari madogo ya wazi ya viti viwili, mengi ya kabla ya vita, na nadhani walichoka kuyafuta vumbi tu. Magari yalikwenda moja moja, yakizunguka kati ya madebe yaliyopakwa chokaa, mzungu mmoja ameshika saa. Atakayemaliza upesi bila kuangusha debe ndiye mshindi. Mimi niliitwa nipige picha.

Nilifika nimechoka. Homa ilikuwa imeniachia juzi tu, na miguu ya kamera niliifunga kwenye baiskeli nikaisukuma njia nzima, maana nguvu za kupanda sikuwa nazo. Majivu ya majani yalipeperuka yakaingia puani na kwenye kamera. Magari yakiwa yamesimama niliyapiga vizuri, au tuseme kwa uwezo wangu. Mchana wakataka picha za mwendo. Nikawaambia kamera hii haiwezi. Wakasema jaribu.

Madebe yalikuwa ya akina mama wauza mpunga, na wenyewe walikuja kuyalinda.

"Likibonyea hili nitapimia nini?" mmoja alimuuliza mwenye saa.

"Utapimia hilohilo, faida iongezeke," akasema mwenzake.

"Nani anasema? La kwako limebonyea tangu mavuno na hakuna gari lililoligonga."

Watu wakacheka, hata mwenye debe mwenyewe.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kuwapo. Mume wa mdogo wangu alikuwa fundi wa tajiri mmoja wa Kihindi, na siku hiyo ndiye aliyeendesha gari jekundu la tajiri wake, kwa kuwa tajiri alikuwa ameteguka mkono. Injini ya gari lile shemeji aliifungua akaifunga upya peke yake. Tajiri alikuwa anafunga gereji ya Ifakara na kufungua nyingine Morogoro. Alisema wazi: injini ikienda bila kasoro, shemeji atahamia Morogoro kama fundi mkuu, na nyumba atapewa. Ikisumbua, atatafuta mwingine. Basi shemeji angerudi Michenga kwenye shamba la baba yake, ambalo mto hulifunika karibu kila masika. Mdogo wangu alisimama kati ya wale akina mama, hacheki na wenzake.

Sasa lazima nieleze jinsi tulivyokuwa tukipiga picha. Kamera yangu ilikuwa nzito kushika mwanga. Aliyetikisika alitoka kama moshi, kisha akakataa kuichukua picha. Kwa hiyo mji mzima ulikuwa umefundishika. Mtu akiona nimemwelekezea kamera hata njiani, atatua mzigo, atanyoosha mikono ubavuni, atatazama mbele, na hatapumua mpaka nimwambie. Shemeji mwenyewe aliwahi kutoka moshi mara moja, picha ya harusi, na dada yake hajaacha kumcheka mpaka leo.

Magari mengine yalipita, nikapiga, nikajua nimepoteza filamu. Likaja jekundu. Lilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia, na sisemi hivyo kwa ajili ya ujamaa. Mwenye saa naye alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilikuwa kona ya mwisho. Shemeji akatokea, akaniona, akaona kamera. Mguu ukatoka kwenye mafuta. Akakaa wima, akaweka kofia sawa, akainua kidevu. Nikabonyeza. Hapo ndipo alipokumbuka yuko wapi, akakanyaga tena, gari likaruka.

"Anasubiri abiria!" mtu akapiga kelele.

Alishika nafasi ya tatu. Hakuangusha debe hata moja.

Tajiri alikuja na mkono wake umening'inizwa kitambaani. "Pale konani kulikuwa na nini?"

Shemeji alitazama watu waliokuwa bado wanacheka. "Injini ilikohoa, tajiri."

"Nani aliifunga?"

"Mimi."

Tajiri hakugomba. Alitingisha kichwa tu, akaondoka. Mdogo wangu alikuwa karibu, alisikia yote.

Tukirudi shemeji alinisaidia kusukuma baiskeli.

"Shemeji, usimwambie tajiri," akasema.

"Lakini injini haikukohoa. Nilikuwa pale."

"Najua haikukohoa. Bora niitwe fundi mbaya kuliko mtu aliyesimama kwenye mbio apigwe picha. Mafundi wabaya tupo wengi."

Nikashika usukani wa baiskeli nikaendelea kusukuma. Aibu ni yake, nikajiambia, na mtu mzima ana haki ya kuchagua aibu atakayoibeba. Upande wa pili kuna mdogo wangu, ambaye hakuulizwa. Nilipima hivi na hivi mpaka nikakosa usingizi.

Tajiri alikuja chumbani kwangu kuchukua picha. Magari yote kwenye picha za mwendo yalikuwa ukungu wenye magurudumu. Moja tu lilitoka safi, unaweza kuhesabu waya za gurudumu, na dereva wake ametulia kama yuko kanisani. Tajiri aliitazama sana picha ile.

"Gari lililokohoa linatoka hivi?"

Ningeweza kusema sijui. Watu walizoea mimi kutojua. Lakini swali lilikuwa la injini, na injini niliisikia kwa masikio yangu.

"Haikukohoa," nikasema. "Alipunguza mwendo kwa ajili ya kamera. Sisi huku ndivyo tunavyopigwa picha."

Alicheka mpaka akashika mkono wake mgonjwa kwa maumivu. Kisha akauliza, sasa bila kucheka, "Kwa hiyo injini ni nzima?"

"Nzima."

"Basi mimi nahitaji fundi. Dereva nitapata popote."

Kabla ya jua kuzama soko lote lilikuwa na habari ile, kwa sababu tajiri hakuificha. Watoto walikaa wima shemeji akipita.

Siku ya lori la Morogoro nilikwenda kuwaaga. Mdogo wangu alikuwa ameshapanda juu ya magunia, amefunga vyombo kwa khanga, ananipungia mkono. Shemeji aliwapa mkono watu wote, mimi akanifikia mwisho.

"Nilikuomba kitu kimoja tu, shemeji."

"Ndiyo."

"Mke wangu anashukuru."

"Na wewe?"

Alifunga kishikizo cha shati, polepole.

"Mimi bado," akasema, akapanda.