Majivu ya Mtabiri

Kila nikisugua sufuria kwa majivu yaliyolowa, harufu yake hunirudisha kwenye ukumbi wa shule yetu pale Bigwa, siku nilipoigiza mtabiri katika tamthilia ya mfalme anayeuawa na ndugu zake. Mwalimu alinipaka majivu usoni, akanionya: "Maneno ya mtabiri humshika anayetazamwa. Wewe ukiyasema, tazama bati la paa." Watabiri wote walionitangulia walitazama bati.

Mgeni rasmi alikuwa meneja mpya wa kiwanda. Wiki ile ile, baada ya kiwanda kuuzwa, alikuwa amempunguza kazini mama yangu na wenzake kwa karatasi iliyobandikwa getini, bila hata kutoka ofisini kuwaambia. Alikaa mstari wa mbele na soda yake mkononi.

Zamu yangu ilipofika, mfalme wetu alipiga magoti akingoja. Nilishusha macho kutoka kwenye bati, nikamkazia meneja.

"Kabla mahindi ya msimu huu hayajakauka," nilisema polepole, "utatoka katika nyumba yako, na hakuna atakayekuaga."

Meneja aliiweka soda yake sakafuni, akainua macho kutazama bati.

Nyumbani nilimsimulia mama yote, nikitegemea kipigo. Alilowesha kitambaa, akanifuta mikono, akanifuta shingo, kisha akakikamua na kukianika.

"Na usoni, mama?"

"Usoni acha. Kesho asubuhi meneja anapita hapa akienda kazini. Utakaa barazani, umpe shikamoo."