Roketi Yangu ya Bluu

Sijui nani alinidanganya kwamba fundi wa redio anaweza pia kutengeneza fataki. Dada yangu alipoolewa Ahero, niliwaahidi wakwe zake roketi itakayopasuka kwa rangi ya bluu. Niliitengeneza mwenyewe, nikaijaza bluu ya kufulia nguo, nikiamini kwamba unga wa bluu huwaka bluu. Jinga mimi!

Jioni nikaiwasha. Ikapanda vizuri, ikapasuka moto wa kawaida tu.

"Bwana fundi, bluu iko wapi?" shemeji akauliza.

"Si mngoje!" nikafoka.

Manyunyu yakaanza. Mama mkwe wa dada, gauni lake jeupe pe, akajipangusa uso, akatazama kiganja chake, kisha akanigeukia.

"Bwana fundi," akasema, "bluu yako imefika."